Gorogoro ya Mawe Kutoka Mandera

Shemeji yangu aliporudi kutoka Mandera sikutegemea zawadi. Alikuwa amekaa huko miezi saba akiendesha lori la watu wanaochimba visima, na mtu akitoka mbali hivyo unashukuru tu kumwona. Lakini tulipomaliza kula alitoka nje, akarudi na gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi, iliyofungwa mdomo kwa kipande cha leso, akaiweka mezani kando ya sahani ya omena.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni zako. Huko zimetapakaa kama kokoto. Nikasema huyu mtu wa jiografia atazipenda."

Nilifungua. Mawe matupu, madogo madogo, mengi yakiwa kama kokwa la zambarau, machache yakikaribia limau. Mama alichukua moja, akaligeuza kwenye mwanga wa taa, akatangaza, "Njugu mawe." Akacheka peke yake, maana kweli zilikuwa na umbo la njugu, na kweli zilikuwa mawe.

Nafundisha katika shule ya kutwa upande wa Muhoroni, mahali ambapo upepo ukigeuka darasa zima linanuka molasi. Yaliyonipata na ile gorogoro yalinichukua karibu miaka mitatu kuyaelewa, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu mambo yasiyo kweli kwa sauti kubwa na chaki ya rangi.

Kosa la kwanza lilikuwa jina. Niliwaambia ni chaza wa kale waliogeuka mawe. Muhula mzima tukaenda hivyo, mpaka kijana mmoja wa kidato cha tatu alipokuja na kome aliyemwokota ufukweni Dunga, akamweka kando ya lile jiwe. "Mwalimu, mbona huyu wa ziwani amelalia upande na huyu wa kwako amesimama sawa?"

Sikuwa nimeona. Kome ana makombe mawili yanayofanana kama viganja vyako ukivikutanisha, la kushoto na la kulia, ila kila moja ukilitazama peke yake limepinda upande. Yale mawe yalikuwa kinyume. Kombe moja kubwa, limetuna, na ncha yake imejikunja kama mdomo wa kasuku. La pili dogo, limefunika kama kifuniko. Hayafanani hata kidogo. Lakini ukipitisha mstari katikati, kutoka mdomoni hadi ukingoni, nusu ya kushoto ni sawasawa na ya kulia, kama uso wa mtu. Pale kwenye ncha ya mdomo kuna tundu dogo unaloweza kulijaribu kwa sindano. Shina la nyama lilipita hapo, mnyama akajishikiza nalo chini ya bahari, akawa anafungua makombe kidogo na kuchuja chakula kutoka majini.

Huyo ni brakiopodi. Hana undugu wa karibu na kome wala chaza, ni nyumba mbili tofauti zilizojengewa mlango wa aina moja. Walikuwa baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakakaribia kumalizika katika maangamizi makubwa ya miaka milioni 252 iliyopita, waliosalia wakajikokota, na katika kipindi cha Jurasiki, kilichoanza miaka milioni 201 iliyopita na kwisha miaka milioni 145 iliyopita, wakawa wengi tena katika bahari za kina kifupi. Mpaka leo wapo baharini, wachache. Katika maji baridi kama ya Ziwa Victoria hawapo kabisa.

Niliwaomba wanafunzi radhi. Hawakujali sana, walikuwa wamekwisha kuwapatia wale brakiopodi kazi yao. Nilikuta wavulana wa kidato cha kwanza nyuma ya vyoo wakicheza bano kwa zile laini za mviringo. Nilifoka, nikawanyang'anya, nikahesabu upya gorogoro nzima: 214, kutoka 220 na kitu. Baadaye nilisoma juu ya William Smith, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1769 katika kijiji cha Churchill huko Oxfordshire. Watoto wa kijiji kile walikuwa wakicheza gololi kwa brakiopodi wa Jurasiki waliofukuliwa na majembe mashambani. Wenyewe waliwaita pundib. Smith huyo ndiye aliyekuja kupima njia za mifereji, akaona kwamba kila tabaka la mwamba lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na kwa kufuata visukuku mtu anaweza kulitambua tabaka lile lile umbali wa mwendo wa siku nzima. Mwaka 1815 akatoa ramani ya mawe ya Uingereza na Wales iliyochorwa kwa msingi huo. Kwa hiyo wavulana wangu walikuwa katika njia njema kuliko mimi. Bano haina uongo ndani yake.

Uongo niliutengeneza mimi, kwa plaiwudi na gundi.

Ilikuwa wakati wa maonyesho ya sayansi. Nilinunua ubao mzuri, wasichana wawili wa kidato cha tatu wakapaka matabaka matano kwa rangi ya maji, kijivu, kahawia, manjano, kijivu tena, nyeupe juu. Tukazigawa njugu zetu kwa sura, tukazibandika: kubwa laini chini kabisa, zenye mistari na ukingo wa meno meno kama zipu katikati, vidogo juu. Pembeni nikaandika kwa mkono wangu, "Jurasiki ya Chini" mpaka "Jurasiki ya Juu", na mishale ya kuonyesha jinsi viumbe walivyobadilika. Mkiniuliza kwa nini kubwa zilikaa chini, jibu la kweli ni kwamba ubao ulisimama vizuri zaidi uzito ukiwa chini.

Mmoja wa waamuzi alikuwa mama mstaafu aliyefanya kazi ya jiolojia maisha yake yote. Alisimama mbele ya ubao wetu muda mrefu. Wasichana wakaeleza vizuri, kwa ufasaha, kama nilivyowafundisha. Akawasifu. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nani aliiona hii ikitoka chini ya hii?"

"Vitabu vinaeleza kwamba katika Jurasiki..."

"Sikuulizi vitabu. Hii hapa. Nani aliiona?"

Nikanyamaza. Akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akaenda meza iliyofuata. Tulikuwa wa mwisho katika kundi letu. Ndani ya matatu ya kurudi hakuna aliyesema neno mpaka tulipopita Awasi, ndipo mmoja wa wale wasichana akauliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Mwalimu, kwani sisi tulidanganya?"

Swali hilo lilinipeleka nyumbani kwa yule mama, Kisumu, Jumamosi mbili baadaye, nikiwa na ubao kwapani. Alinikaribisha chai na mandazi, akausimamisha ubao ukutani, akauangalia kwa huruma kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

"Umewahi kwenda Kibuye siku ya mitumba?" akauliza. "Mtu akifungua mabeli matatu akayamwaga pamoja, wewe ukachagua makoti ukayaweka huku, na mashati huku, je, umejua lipi lilitoka beli gani?"

"Hapana, Mama."

"Basi ndiyo hii yako. Umepanga makoti na mashati."

Akaendelea, na hapa niliandika haraka kwenye daftari. Aina fulani ya brakiopodi huanza kuonekana katika tabaka fulani, huendelea matabaka kadhaa kwenda juu, kisha haionekani tena. Mwanzo ule na mwisho ule ndio muda wake. Aina zilizodumu kidogo zina faida kubwa, maana ukizikuta unajua upo wapi katika rundo. Zilizodumu sana ni kama mzee ambaye amekuwepo katika kila harusi, hawezi kukusaidia kujua ni harusi gani. Na mwenye kujua mwanzo na mwisho ni yule tu aliyepanda mwamba kwa miguu, tepu mkononi, akaandika: mita hii, jiwe hili, kisukuku hiki. Ndivyo walivyofanya waliotangulia katika Pembe ya Afrika. Akanitajia Helen Muir-Wood wa makumbusho ya London, ambaye mwaka 1935 alichapisha maelezo ya brakiopodi wa Jurasiki wa Somalia na kuwapa baadhi yao majina ya huko huko, kama Somalirhynchia. Yeye aliweza kuwapanga kwa sababu waliokusanya walikuwa wameandika.

Kisha akanipa mtego ambao naona ni mzuri kuliko yote aliyonifunza siku ile. Mwamba wa Mandera, akasema, ni mawe ya chokaa na mwamba wa tope, mmoja juu ya mwingine, zamu kwa zamu, maana bahari ilikuwa ikijaa na kupungua. Tuseme unapanda mlima. Katika chokaa ya chini unamkuta mnyama wako. Unafika kwenye mwamba wa tope, hayupo, mita kumi nzima hayupo. Utaandika kwamba amekufa?

Nikasema ndiyo.

"Omena zikikosekana Dunga mwezi mmoja, zimekwisha duniani?"

Brakiopodi wengi hawapendi tope laini. Wanataka kitu kigumu cha kushikia shina lao, na maji yasiyo na vumbi la kuwaziba. Tope likija wanakosekana hapo na kuendelea kuishi kwingine, bahari ikisafika vizazi vyao vinarudi, na wewe unayepanda mlima unawakuta tena katika chokaa ya juu, wale wale. Amonaiti, viumbe wa kale wa baharini wenye kombe lililojiviringa, waliokuwa wakielea na kuogelea, hawakujali sana chini kuna nini, ndiyo maana wajiolojia huwaamini zaidi kuwa saa. Brakiopodi anakueleza mambo mawili kwa pamoja, wakati na mahali, na ni juu yako kujua sasa hivi anazungumzia lipi.

Kabla sijaondoka alinikumbusha jambo lingine, kwa upole lakini bila kucheka. Visukuku nchini Kenya vinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Mtu hachimbi bila leseni wala havisafirishi kama viazi, na akivikuta anatakiwa atoe taarifa. Shemeji hakujua, nami sikujua. Tulitoa taarifa. Hiyo sehemu ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa.

Nikampigia shemeji simu. Wakati huo alikuwa amerudi kazini, na mtandao ulikuwa ukija na kwenda.

"Zile njugu ulizitoa wapi hasa?"

"Lagani. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yakapita, yakaziacha pale chini ya kilima. Nilizizoa kwa mikono."

Laga, kwa wasiojua kaskazini, ni mto mkavu unaoamka siku ya mvua. Maji yake huwa yamekwangua kilima chote, kuanzia kileleni, yakaleta kila kitu mahali pamoja. Zile 214 zingeweza kuwa zimepishana miaka milioni kadhaa, na mimi nilizipangia foleni.

"Zote?" nikauliza.

"Zote... isipokuwa zile za kiberiti."

"Kiberiti gani?"

Kilikuwa chini kabisa ya gorogoro, na nilikuwa nimekitupa kwenye droo nikidhani ni takataka. Kisanduku cha kiberiti kilichobonyea, ndani yake brakiopodi saba wa ile sura ya zipu, wote wakiwa bado wameshikwa na udongo wa kijivu mikunjoni, na kipande cha karatasi ya daftari kimeandikwa kwa biro: M 11. Mchimbaji mmoja wa kisima alikuwa amezing'oa kwenye ukuta wa shimo alipokuwa chini, akampa shemeji. Nilikaa na kile kisanduku kitandani. Saba zilizokuwa na karatasi zilikuwa na thamani kuliko 214 zilizokuwa ubaoni, na ni hizo saba tu ambazo sikuwa nimezionyesha kwa mtu yeyote.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufundisha matabaka. Mandera ni mbali, na huku kwetu Jurasiki haipo. Bahari ile iliingia Afrika ilipokuwa ikiachana na Madagaska. Ikafunika sehemu za Mombasa na Kilifi, ikafunika Mandera, lakini Nyanza ilibaki nchi kavu. Chini yetu kuna mawe ya kale mno, kama yale ya Kit Mikayi yenye zaidi ya miaka bilioni 2, na juu yake yanakuja mambo ya volkano ya juzi juzi. Katikati ni kurasa zilizochanwa. Hivyo niliwapeleka watoto kwenye makorongo ya Nyakach, yale yaliyokatwa na mmomonyoko mpaka ukisimama ndani huoni paa la nyumba. Tulichukua tepu, tukapima ukuta kutoka chini: udongo mweusi, mchanga, kokoto, majivu meupe membamba kama unga wa muhogo, udongo tena. Katika tabaka moja, kama kimo cha kiuno changu, kulikuwa na makombe ya konokono yamejipanga mstari.

Kisha nikawaambia wakusanye kila kitu kilichoanguka chini ya ukuta. Wakaleta konokono wale wale, vigae vya chungu, mfupa wa mbuzi, na vizibo viwili vya soda.

"Sasa," nikasema, "kwa ule ubao wetu wa plaiwudi, hawa waliishi pamoja. Konokono alikuwa akinywa soda."

Walicheka sana. Yule msichana wa swali la matatu hakucheka. Alikuwa akiandika.

Safari ya pili ilikuwa Koru, na hiyo ilinipindua mimi tena. Koru ina chokaa, kila mtu anajua, malori yanaibeba kila siku. Nilikuwa nimewaahidi kwamba chokaa ni mabaki ya bahari, ndivyo tulivyosoma sote. Walitafuta makombe ya baharini asubuhi nzima, hakuna aliyepata hata moja. Na hawangepata mpaka kiama. Chokaa ya Koru ilitapikwa na volkano! Kuna volkano chache duniani zinazotoa majivu na uji wa aina hiyo badala ya ule wa kawaida, na mlima Homa ng'ambo ya ghuba ni mwingine. Katika majivu yale, yenye kama miaka milioni 20, walifukiwa wanyama wa nchi kavu na konokono wa msituni. Hapo hapo Koru, mwaka 1926, daktari mmoja mlowezi, H. L. Gordon, alikuta taya katika chokaa, na mwaka 1933 Hopwood wa London akampa mnyama yule jina la Proconsul, sokwe wa kale ambaye leo yupo katika vitabu vya dunia nzima. Jiwe lile lile mkononi, chokaa na chokaa, ukilitilia tone la asidi linachemka vile vile, lakini moja ni bahari ya Mandera na jingine ni moto wa Tinderet, ile volkano ya kale. Aliyeyatofautisha si jiwe lenyewe, ni wale waliofukiwa ndani yake na mahali walipofukiwa.

Mimi ni mtu wa Homa Bay kwa upande wa mama, kwa hiyo habari ya Kanam niliikulia bila kuijua. Ilinibidi nikae na wajomba ili waieleze. Mwaka 1932 Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, alikuwa akichimba pale chini ya mlima Homa, na mmoja wa watu wake, Juma Gitau, akapata kipande cha taya ya binadamu katika mwamba. Leakey alisema ni ya kale ajabu. Mahali pale akapaweka alama kwa vigingi vya chuma. Mwaka 1935 akaja Profesa Percy Boswell kutoka London kuhakikisha, na Leakey hakuweza kumwonyesha tabaka lenyewe. Vigingi havikuwepo. Wenyeji walikuwa wamevichukua. Picha aliyokuwa ameitoa kuonyesha mahali pale ikagundulika ni ya mahali pengine. Boswell akarudi akaandika katika jarida la Nature, na taya ile haijapata heshima yake mpaka leo.

Mjomba wangu mkubwa haoni kosa la wenyeji. "Chuma kizuri kinaachwaje porini? Watu wana ndoana za kutengeneza." Nami namwelewa. Lakini nilipokuwa nikisikiliza niliwaza kile kisanduku cha kiberiti, jinsi nilivyokaribia kuwashia jiko.

Zile 214 zisizo na mahali hazikutupwa. Yule mama alisema zinafaa kwa kazi moja: kusagwa. Brakiopodi wawili wanaweza kufanana nje kama mapacha na ndani wakawa watu wa koo mbalimbali, na huwezi kuvunja jiwe ukaona, maana ndani pamejaa mwamba. Unachofanya ni kumsaga kidogo kidogo kuanzia mdomoni, na kila hatua unachora unachokiona. Tulichukua wawili kutoka safu ya kati ya ubao. Tulimshika kila mmoja kwenye plasta, tukaweka kioo cha dirisha juu ya meza ya maabara, msasa laini juu yake, maji. Mizunguko ishirini, osha, futa, pima kwa kalipa ya vernia ya somo la fizikia: umeondoka robo ya milimita. Lenzi. Penseli. Tena.

Mwanzoni huoni kitu ila duara la kijivu. Halafu, katika mchoro wa tano au wa sita, vinajitokeza vijistari viwili vyeupe, ni meno ya bawaba yanayoshika makombe yasiachane. Kisha vikono viwili vyembamba kama nyuzi za buibui vilivyobeba kile kiungo cha kuchujia chakula. Mnyama yule alikuwa amefungwa mle tangu dunia ikiwa na dinosauri, na wa kwanza kumwona ndani ni Akinyi wa kidato cha nne mwenye vidole vilivyochubuka. Tulichora michoro 46 kwa majuma matatu. Mmoja alikuwa na ukuta mwembamba umesimama katikati ya kombe dogo, wa pili hakuwa nao kabisa. Nilikuwa nimewabandika bega kwa bega kama ndugu wa tumbo moja.

Mwisho wa kazi brakiopodi mwenyewe hayupo. Ni uji wa kijivu kwenye msasa na rundo la karatasi. Wanafunzi wengine walisikitika. Mmoja alisema ni kama kusoma barua kwa kuichoma. Nilikubaliana naye, na bado nakubali, ila hizi zilikuwa barua zisizo na anwani.

Ubao niliuvunja mwenyewe. Gundi ya aina ile haitoki kwa maji ya moto, nililazimika kutumia patasi, na baadhi ya mawe yalipasuka. Kila lililotoka salama lilipata karatasi yake: "Mandera, laga, tabaka halijulikani." Niliandika maneno hayo mara 189. Kijana wa bano alinisaidia, na siku hiyo alirudisha wanne kutoka mfukoni bila kuulizwa.

Ilibaki M 11. Nilikuwa tayari nimeingiza kwenye daftari la shule: kisima, mita 11 kutoka juu, mwamba wa tope wa kijivu, brakiopodi saba. Ilikuwa ndiyo sentensi pekee niliyokuwa na uhakika nayo katika miaka mitatu. Mwezi wa pili mwaka huu shemeji alikuwa kambini na yule mchimbaji, akanipigia ili nimshukuru mwenyewe. Mzee mmoja mchangamfu, Kiswahili chake cha Mandera kimenyooka. Tulisalimiana, tukaulizana mvua. Nikamwambia zile kombe zake za mita 11 zimetusaidia sana.

"Mita?" akasema.

"Si umeandika M 11, mzee wangu?"

"M ni mikono. Mimi tepu nitaitoa wapi ndani ya shimo? Mikono 11."

Nilikaa chini. Mkono wa mtu mzima, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, hauzidi sana nusu mita. Kutoka mita 11 nilikuwa nimepanda ghafla hadi kama mita tano, na hapo mwamba unaweza kuwa mwingine kabisa.

"Mkono wa nani, mzee?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wangu. Kwani ulitaka wa nani?"

Nikamwomba shemeji atafute tepu ya fundi, ampime kutoka kiwikoni hadi kidole cha kati, na anitumie namba kwa ujumbe. Ilikuja baada ya magharibi: sentimita 48. Nilipiga hesabu, nikaandika katika daftari mita 5.28, na chini yake nikaeleza mkono ni wa nani na umepimwa lini. Karatasi ya biro nikairudisha ndani ya kiberiti ilivyokuwa.